Istilahi ya "Namba Wiano" na Kasoro ya Ufafanuzi Wake

Istilahi hupimwa kwa mizani mbili: uwazi wake kwa msemaji wa lugha, na uaminifu wake kwa dhana inayowakilishwa. Makala hii inadhamiria kuzipima kwa mizani hizo istilahi mbili za hisabati, namba wiano na namba isiyowiano.

Kwa mizani ya kwanza, zinastahili sifa. Asomaye kwa Kiingereza hulisikia katika neno "rational" jambo la akili na busara, akadhani namba za kundi la pili zimepungukiwa na akili. Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu waliziita "asamm", yaani kiziwi, na watafsiri wa Kilatini wakalipokea jina hilo kuwa "surdus". Kiswahili hakikupitia njia hiyo. Kimeitaja dhana yenyewe, uwiano.

Hata hivyo, uwazi huo ndio unaofichua kasoro. Pai hufafanuliwa kuwa uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake. Papo hapo tunaambiwa kuwa pai ni namba isiyowiano. Yawezekanaje uwiano ukawa hauna uwiano? Mwanafunzi aulizaye hivyo hajakosa. Kilichokosa ni ufafanuzi uliokatwa mkia. Namba wiano haitokani na uwiano wowote ule, bali na uwiano wa namba kamili mbili, asili isiwe sifuri. Mzingo na kipenyo vina uwiano, lakini hakuna kipimo kimoja kiwezacho kuvipima vyote viwili bila kubakisha.

Kosa la pili ni kudai kwamba desimali isiyokoma ni dalili ya namba isiyowiano. Theluthi moja ni 0.333..., haikomi, nayo ni namba wiano. Kadhalika 22/7 ni 3.142857..., tarakimu sita baada ya nukta zikijirudia daima. Pai huanza 3.14159... wala haina mzunguko wa namna hiyo. Kwa hiyo 22/7 ni kadirio lake tu. Tena, kutazama tarakimu hakuthibitishi lolote, kwani hata baada ya tarakimu milioni moja mzunguko ungeweza kuanza. Johann Lambert alipothibitisha mwaka 1761 kuwa pai si namba wiano, alitumia hoja, si kuhesabu tarakimu.

Hatupendekezi istilahi hizi zitupwe. Tunachodai ni kwamba kila kamusi iyatie maneno "wa namba kamili" katika ufafanuzi wake. Nchini Kenya, ambako hisabati ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, huenda kamusi ikawa ndiyo mwalimu wa pekee wa dhana hizi kwa Kiswahili. Ikikosea, wapo watakaosema kuwa lugha haiwezi kuibeba sayansi, ilhali aliyeshindwa ni mfafanuzi.