Nafsi Mbili, Kitanda Kimoja: Usimulizi wa Zamu na Suala la Ushahidi katika Riwaya ya The Flatshare ya Beth O'Leary

Ikisiri

Makala haya yanahakiki riwaya ya The Flatshare (2019) ya mwandishi Mwingereza Beth O'Leary. Riwaya hii ni futuhi ya mapenzi inayosimuliwa kwa zamu na wahusika wawili, Tiffy Moore na Leon Twomey. Hoja kuu ni kwamba usimulizi wa zamu katika kazi hii unabeba dhamira ya kimaadili: kila msimulizi anamiliki maelezo ya maisha yake mwenyewe, na hakuna anayeruhusiwa kuyasimulia maisha ya mwenzake kwa niaba yake. Uhakiki umeongozwa na Naratolojia ya Gérard Genette na nadharia ya Usemezo ya Mikhail Bakhtin. Aidha, makala yanajadili namna sarufi ya Kiswahili inavyoweza kuibeba tofauti ya sauti za wasimulizi hao wawili.

1.0 Utangulizi

Futuhi ya mapenzi huchukuliwa na wahakiki wengi kuwa kazi ya kupitishia muda. Msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba wapenzi wataungana. Kinachobaki ni kuona watakavyofika huko. Kwa sababu hiyo, mhakiki hushawishika kuamini kwamba utanzu huu hauna la kumwambia. Mtazamo huo unapuuza jambo moja la msingi. Pale ambapo mwisho wa hadithi unajulikana, uzito wote wa kazi huhamia katika namna ya kusimulia. Ndiyo maana suala la nani anasimulia, na kwa lugha gani, lina nafasi kubwa katika futuhi kuliko inavyodhaniwa.

Riwaya ya The Flatshare ilichapishwa nchini Uingereza mwaka 2019, na mwaka 2022 ikageuzwa kuwa tamthilia ya televisheni. Kisa chake ni chepesi kukieleza. Tiffy ni mhariri msaidizi katika kampuni ndogo ya uchapishaji jijini London, inayotoa vitabu vya kazi za mikono. Anahitaji mahali pa kuishi kwa bei nafuu baada ya uhusiano wake na Justin kuvunjika. Leon ni muuguzi wa tiba shufaa anayefanya kazi usiku. Yeye anahitaji fedha za kumlipa wakili wa mdogo wake, Richie, aliyefungwa kwa kosa la unyang'anyi ambalo hakulitenda. Leon anapangisha chumba chake kwa pauni 350 kwa mwezi. Tiffy analala humo usiku, naye analala mchana. Kitanda ni kimoja, lakini wenye kukitumia hawajawahi kuonana.

Hali hiyo inazalisha kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichowavuta wasomaji wengi. Hata hivyo, chini ya kicheko kuna swali zito: mtu aliyefundishwa kutoiamini kumbukumbu yake mwenyewe atasimuliaje habari zake?

2.0 Misingi ya Nadharia

Genette, katika Figures III (1972), anatofautisha maswali mawili ambayo wahakiki walikuwa wakiyachanganya: nani anaona, na nani anasema. Msimulizi anaweza kusema kwa kinywa chake mambo anayoyaona kwa macho ya mtu mwingine. Tofauti hii ni ya lazima katika kumchambua Tiffy, kama itakavyoonekana.

Bakhtin naye, katika kitabu chake kuhusu Dostoevsky kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1929, anaeleza kwamba wingi wa sauti hautokani na idadi ya wasemaji. Sauti huwa nyingi pale ambapo kila moja ina msimamo wake kuhusu ulimwengu, na mwandishi haiingilii ili kuipatanisha na nyingine. Kwa kigezo hiki, riwaya yenye wasimulizi wawili inaweza bado kuwa na sauti moja. Makala yanalirejea suala hili katika sehemu ya 5.0.

3.0 Sauti Mbili na Sarufi Zake

Jambo la kwanza analolibaini msomaji ni tofauti ya lugha. Tiffy anasimulia kwa sentensi ndefu zenye mabano, mizaha na mchepuko wa mawazo. Leon anasimulia kwa vipande vifupi. Mara nyingi anadondosha kiwakilishi cha nafsi ya kwanza, na mazungumzo anayoyaripoti yameandikwa kama matini ya tamthilia: jina la msemaji, nukta pacha, kisha maneno. Mhakiki anaweza kufungua ukurasa wowote akamtambua msimulizi bila kutazama kichwa cha sura.

Udondoshaji huo una maana inayozidi mtindo. Leon ni mtu aliyejizoeza kuwatanguliza wengine: wagonjwa wake, mdogo wake aliyeko gerezani, na Bwana Prior, mzee anayekaribia kufa ambaye alimpenda mwanamume aitwaye Johnny White wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Leon anatumia siku zake za mapumziko kumtafuta Johnny White huyo. Nafsi yake imefutika katika sarufi kwa sababu imefutika pia katika mpangilio wa maisha yake.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoleta changamoto yenye manufaa kwa mtafiti. Katika Kiingereza, kiwakilishi cha nafsi ni neno linalojitegemea, na likiondolewa msomaji anahisi pengo. Katika Kiswahili, kuondoa neno "mimi" hakuleti pengo lolote, kwa kuwa nafsi imo ndani ya kitenzi chenyewe. Tukisema "nimefika, nimelala", mtendaji yupo mara mbili. Mfasiri atakayemtafsiri Leon kwa viambishi vya nafsi katika kila kitenzi atakuwa amemrudishia nafsi ambayo mwandishi alimnyima kwa makusudi, na atakuwa amemsogeza karibu na Tiffy.

Kiswahili, hata hivyo, kina nyenzo zake. Ya kwanza ni kitenzijina kinachotumika kusimulia, kama katika mfano huu wa mtafiti: "Kufika nyumbani, kukuta sahani imeoshwa." Nyenzo ya pili ni kiambishi hu- cha mazoea, ambacho hakichukui kiambishi cha nafsi kabisa, "hulala mchana" inaweza kumhusu yeyote. Ya tatu ni sentensi isiyo na kitenzi: "Chumba kimya. Chai baridi." Nyenzo hizi zote ni za kawaida katika masimulizi simulizi na katika maandishi ya shajara. Zikitumika kwa kiasi, zinaweza kumjenga Leon asiyejitaja bila kuivunja lugha. Tofauti ya sauti katika riwaya hii, basi, inaweza kuvuka mpaka wa lugha, mradi mfasiri aitambue kuwa ni sehemu ya maudhui.

4.0 Usimulizi kama Ushahidi

Justin hamdhibiti Tiffy kwa kipigo. Anamdhibiti kwa kumtilia shaka juu ya kumbukumbu zake, hadi Tiffy mwenyewe anaamini kuwa ni mtu msahaulifu. Mbinu hii ilipata jina lake la Kiingereza kutokana na tamthilia ya Gas Light (1938) ya Patrick Hamilton, ambamo mume anamfanya mkewe aamini kuwa anarukwa na akili. Sheria ya Uhalifu Mkubwa ya mwaka 2015, kifungu cha 76, iliufanya udhibiti wa namna hii kati ya watu walio katika uhusiano wa karibu kuwa kosa la jinai katika Uingereza na Wales. Riwaya ya O'Leary imetoka miaka minne baadaye, katika jamii iliyokuwa imeanza kulipa jambo hilo jina la kisheria.

Tukirejea swali la Genette, sura za mwanzo za Tiffy zinasemwa na Tiffy lakini zinaonwa na Justin. Anajilaumu kwa makosa ambayo Justin alimtajia. Anapokutana na Justin mahali asipomtarajia, hata katika meli ya watalii alikokwenda kikazi, yuko tayari kuiita bahati. Ucheshi wake wenyewe unashiriki katika kuficha: anachekesha pale ambapo msomaji ameshaanza kuogopa. Kinaya hiki ndicho kinachoipa riwaya uzito wake, na hakiwezi kufanya kazi bila msimulizi wa pili.

Leon anaanza kumfahamu Tiffy kupitia vijikaratasi vya kubandika ambavyo wawili hao wanaachiana jikoni na kwenye milango. Mwanzoni vinahusu chakula na usafi, kisha vinakuwa barua fupi za watu wanaoaminiana. Kwa kuwa hamjui Tiffy kwa sura, Leon hana cha kusoma isipokuwa maneno yake, na anayasoma bila tafsiri ya Justin. Sura za Leon zinampa msomaji nafasi ya kusimama nje ya kichwa cha Tiffy na kuyapima maneno yale yale upya.

Ni muhimu kutosoma jambo hili kama hadithi ya mwanamume mwokozi. Rafiki zake Tiffy, Gerty ambaye ni wakili na Mo ambaye ni mshauri nasaha, walikuwa wameliona tatizo kabla ya Leon. Kumbukumbu za Tiffy zinarudi kidogo kidogo kwa msaada wa unasihi, na ni yeye mwenyewe anayezisimulia. Leon hasimulii kumbukumbu hizo hata mara moja kwa niaba yake. Yeye ni shahidi, na shahidi hachukui nafasi ya mlalamikaji.

Visa vidogo vya riwaya vinaithibitisha hoja hii. Richie yuko gerezani kwa sababu ushahidi ulisomwa upande mmoja. Anatoka kwa sababu Gerty anausoma tena. Mapenzi ya Bwana Prior hayakuwahi kupata wa kuyasikiliza hadi alipompata muuguzi wa usiku. Katika visa vyote vitatu, mtu mmoja ana maelezo ya kweli ambayo hayawezi kusimama mpaka mtu wa pili ayapokee.

Kilele cha dhamira hii ni posa ambayo Justin anaifanya hadharani mbele ya umati. Katika futuhi ya mapenzi, posa ya hadharani ni ishara iliyozoeleka ya furaha. Hapa O'Leary anaigeuza kuwa tishio, kwa kuwa Justin anajaribu kuandika jibu la Tiffy kabla Tiffy hajafungua kinywa. Msomaji aliyezoea utanzu huu anashtuka kugundua kwamba tendo alilokuwa akilishangilia katika kazi nyingine linaweza kuwa tendo la kunyang'anya sauti.

5.0 Mipaka ya Zamu

Uhakiki wa haki hauna budi kuuliza iwapo riwaya inaishi kwa kanuni yake yenyewe. Kwa kigezo cha Bakhtin, jibu si jepesi. Tiffy na Leon wanatofautiana katika sarufi, lakini hawatofautiani katika hukumu. Mambo wanayoyaona kuwa mema ni yale yale. Msomaji halazimiki hata mara moja kuchagua kati ya maelezo ya mmoja na ya mwingine. Kwa maana hiyo, riwaya ina vinywa viwili na msimamo mmoja.

Makala yanaona kuwa uchaguzi huo una sababu. Laiti maelezo ya wapenzi hawa yangepingana juu ya ukweli wa matukio, msomaji angeanza kumshuku Tiffy, na angejikuta akifanya kazi ya Justin. Katika kazi inayohusu mwanamke aliyenyimwa kuaminiwa, wasimulizi wanaoaminika ni hitaji la kimaadili.

Gharama ya uchaguzi huo inalipwa na mhusika mwingine. Kay, mpenzi wa Leon mwanzoni mwa riwaya, ndiye anayempokea Tiffy na kuweka sharti kwamba wapangaji hao wasikutane. Kay amechoshwa na kesi ya Richie, na Leon anahisi kuwa haamini kwamba Richie hana hatia. Huenda ana sababu zake. Lakini hana sura hata moja, na anapimwa na wasimulizi wawili ambao wote wananufaika na kuondoka kwake. Riwaya inayotufundisha kusubiri upande wa pili wa hadithi inamwacha Kay bila upande.

Kuhusu Justin, kunyimwa sauti kuna mantiki. Northrop Frye, katika Anatomy of Criticism (1957), anabainisha kuwa futuhi huelekea kuwakumbatia watu wengi iwezekanavyo mwishoni, hata wale waliokuwa vizuizi. O'Leary anakataa kumpatanisha Justin na jamii mpya, kwa kuwa kumsamehe kwa ajili ya shangwe ya mwisho kungefuta yote aliyoyasimulia Tiffy. Kay hakuwa Justin, na riwaya ingeweza kumtendea kwa namna tofauti bila kupoteza chochote.

6.0 Hitimisho

Makala yamebaini kuwa usimulizi wa zamu katika The Flatshare ndio mahali ambapo dhamira ya riwaya inakaa. Uhusiano wa Tiffy na Justin ulikuwa na msimulizi mmoja kwa maisha ya watu wawili. Uhusiano wake na Leon una wasimulizi wawili, kila mmoja na lugha yake, na hakuna anayefuta mistari ya mwenzake. Kasoro kuhusu Kay inaonesha kuwa kanuni hiyo haikufikishwa kwa kila mhusika, nayo inapasa kutajwa kila riwaya hii inaposifiwa.

Kwa watafiti wa Kiswahili, matokeo haya yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, fasihi pendwa ya mapenzi inastahili kuchambuliwa kwa zana zile zile za kinaratolojia zinazotumika kwa riwaya dhati, kwa kuwa mara nyingi hoja yake imefichwa katika umbo. Pili, tafsiri ya riwaya yenye wasimulizi wengi ipimwe kwanza kwa jinsi inavyoigawa nafsi ndani ya vitenzi. Katika lugha ambayo kwa kawaida kitenzi humtaja mtendaji wake, kumwacha mtu bila kutajwa ni uamuzi unaohitaji kutetewa, sawa na ule wa kumpa sauti.