Lahani ya Bombay, Mizani ya Mvita

Mombasa haijapata kumhurumia mwimbaji wa taarab kwa sababu ya ukongwe wake. Kanda mpya ilipotoka, haikuchukua muda kufika kwenye baraza za Mji wa Kale, kuanzia vichochoro vilivyo nyuma ya Ngome ya Yesu hadi Kibokoni na Kuze, na kabla muuza kahawa hajazungusha vikombe mara ya pili, wasikilizaji walikuwa wameshagawanyika. Huyu asema sauti imeshuka. Yule asema sauti i pale pale, masikio yako ndiyo yaliyobaki kwenye harusi za ujanani. Wa tatu hana haja na sauti. Ataka kujua shairi ni la nani, na kwa nini ubeti wa nne unapwaya kwenye lahani. Huyu wa tatu ndiye nimpendaye, maana wenzake wanamzungumzia mtu na umri wake, naye anazungumzia kazi.

Mashabiki wa roki nao hawana tofauti. Rolling Stones, bendi iliyoundwa London mwaka 1962, ilitoa Hackney Diamonds mnamo Oktoba 2023, albamu yao ya kwanza ya nyimbo zao mpya tangu 2005. Wapo waliofurahi kulisikia gitaa la Keith Richards bado linanguruma, na wapo waliolalamika kwamba produsa Andrew Watt ameisugua kazi hadi imeng'aa kupita kiasi. Mick Jagger alizaliwa 1943. Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab ambaye ndiye niliyemkusudia hapa, alizaliwa Malindi mwaka 1942. Ni marika, na wote wawili walitupiwa lawama uzeeni.

Lakini kinachobishaniwa si kimoja. Albamu ya Stones ni kitu kimoja kilichofungwa. Anayeisikiliza Mombasa na anayeisikiliza London wanasikia sauti zile zile kwa mpangilio ule ule. Kanda ya Bhalo mara nyingi ilikuwa usiku wa harusi. Mtu aliweka mashine ya kurekodi karibu na spika, na kesho yake kilichouzwa madukani kilikuwa na kila kitu: kikohozi, vigelegele, honi ya gari, mwimbaji akisafisha koo, kiti kikiburutwa. Wimbo mmoja ungeweza kuwa na kanda nyingi, na kila shabiki akaapa kwa yake. Tena kanda zilinakiliwa, nakala ikazaa nakala, na kila kizazi kikaongeza mvumo na kupunguza sauti. Nina shaka kubwa kwamba hukumu nyingi za barazani za "sauti imeshuka" zilikuwa hukumu juu ya nakala ya nne au ya tano, mwimbaji wa watu hana makosa.

Mgawanyiko uliokuwa na maana zaidi ulihusu lahani. Upande mmoja walisimama wapenzi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu wa mwaka 1939, bingwa wa udi, aliyetunga lahani zake akichota kwenye ngoma na ghani za Uamuni na kwenye muziki wa Kiarabu. Upande wa pili walikuwa wa Bhalo, ambaye nyimbo nyingi zilizompa jina zilipanda juu ya lahani za filamu za Kihindi. Wale wa Zein walikuwa na neno moja la kumaliza mjadala: kaiba. Mtu amekaa sinema, amemsikia Mohammed Rafi, amerudi nyumbani, ametia Kiswahili. Kuna ufundi gani hapo?

Nimelisikia neno hilo likisemwa na watu ninaowaheshimu, na bado nasema wamekosea. Ngome ya Yesu yenyewe ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milano, Wareno wakaijenga kuanzia 1593 hadi 1596 juu ya mwamba wa matumbawe wa kisiwa hiki. Hakuna mwana wa Mvita anayeiona leo akasema ni ya Milano. Ramani ikija kutoka mbali, kazi iko kwenye kuikalisha juu ya mwamba uliopo.

Na mwamba wa Kiswahili ni mgumu. Chukua shairi la kawaida: mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane ukwapi na nane utao, vina vya kati na vya mwisho, na kituo kinachofunga ubeti. Umbo hilo limetulia, linatembea kwa hatua zilizo sawa. Sasa lahani ya filamu haitembei hivyo. Ina kipande cha mwanzo kinachorudi kila mara, na baina ya marudio yake kuna kipande kingine kinachopanda juu, kinakaa huko, kisha kinashuka kutafuta njia ya kurudi. Mishororo yake hairefuki sawa. Mmoja una mapigo mengi, unaofuata umekatwa ghafla ili vyombo vijibu. Malenga akileta shairi lake lililokwisha kutungwa na kulilazimisha humo, ama atameza maneno ama ataacha mapengo. Kwa hivyo hana budi aanze upya: asikilize lahani mpaka aikariri, ahesabu kila kipande kinataka mizani ngapi, atunge bahari ambayo pengine haijapata kutungwa, na baada ya taabu yote hiyo bado vina vikae mahali pake. Baraza la Mvita linasamehe mengi, lakini guni, shairi lililokosea mizani au vina, halilisamehe.

Kisha kuna jambo la irabu. Maneno ya Kihindi mara nyingi huishia kwa konsonanti, na mwimbaji wa filamu hufunga mdomo mwishoni mwa mshororo. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu, mdomo ukabaki wazi. Mwishoni mwa mshororo wa namna hiyo, basi, kuna sauti ya ziada inayotafutiwa nafasi, na fundi mzuri huitumia, akaivuta, akaipandisha na kuishusha, pale ambapo wimbo wa asili ulikuwa umekwisha. Kinyume chake ni zile mizani zisizo na irabu. Neno "mpenzi" lina mizani tatu, na ya kwanza ni m tupu. Ikiangukia kwenye noti ndefu, mwimbaji atavumisha puani kama mtu anayeumwa na jino. Mtunzi anayejua atalipeleka neno hilo mbele kidogo au nyuma kidogo, noti ndefu ikapata a au e ya kujinyoosha.

Mkazo nao una amri zake. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Lahani ikikaza ya mwisho, neno litatoka limepinda, na mwana wa Mvita ataimba kama mgeni aliyeshuka jana bandarini. Ukizisikiliza kanda za Bhalo kwa masikio hayo, ukamfuata neno kwa neno, utashangaa jinsi Kimvita chake kinavyosimama wima. Lahani inapinda kona zake zote, maneno yanabaki kama yanavyosemwa sokoni Marikiti. Mashairi mengi aliyoyaimba yalitoka kwa jamaa yake, malenga Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule wa diwani ya Malenga wa Mvita iliyochapishwa 1971, na hapo ndipo penye siri: mtunzi na mwimbaji waliokulia ndani ya lugha moja, mmoja akijua koo la mwenzake linapenda nini.

Wasikilizaji wengi walikuwa wameiona filamu. Waliujua wimbo wa asili, pengine waliuimba wenyewe bila kujua maana yake. Bhalo alipoanza, walikuwa wakisikia nyimbo mbili pamoja: shujaa wa filamu anayelia kwa kuachwa, na juu yake fumbo la Kiswahili ambalo huenda halihusu mapenzi hata kidogo, huenda linamsuta jirani au linamwonya mtu aliyeketi pale pale harusini. Raha ya kusikia huzuni ile ikitumiwa kwa kazi nyingine haiwezi kupatikana kwa lahani mpya kabisa. Hapa Zein, pamoja na ukubwa wake wote, asingeweza kumfikia. Yeye alikuwa na raha za aina nyingine, za udi unaouliza na sauti inayojibu, na mashairi ya Kiamu yaliyowatuma vijana kwenda kuwauliza wazee maana.

Si kila kanda ninayoitetea. Kanda za taarab za miaka ya baadaye, si za Bhalo peke yake, zilijaa vinanda vya umeme vyenye ngoma za kubonyeza, na hapo wakosoaji walikuwa na haki. Mpiga tabla humsubiri mwimbaji. Akimwona anavuta pumzi kwa kina, hujua noti ndefu inakuja, naye huzuia mkono. Mashine haimsubiri mtu. Mwimbaji mzee mwenye pumzi fupi ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu ule muda mdogo wa kupumzika, ambao mpigaji mwungwana angempa bila mtu kujua, sasa hakuna wa kumpa.

Bhalo aliacha kuimba miaka kadhaa kabla ya kufariki mwaka 2014, naye Zein akafuata 2016. Kabla ya hapo, mwaka 2005, kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilikuwa imekusanya nyimbo za Mombasa za 1965 hadi 1975 katika mfululizo wake wa Zanzibara, na sauti nyingi zilizokuwa zimefunikwa na mvumo wa kanda zikasikika safi. Baadhi ya wazee waliposikia kazi za namna hiyo walisema hizi ndizo nyimbo, zile za harusini zilikuwa kelele. Siafikiani nao. Sahani ndogo za santuri, kama zile za lebo ya Mzuri ya Assanand and Sons hapa Mombasa, zilibeba dakika tatu au nne kwa kila upande, na shairi refu ilibidi likatwe. Mnasikia beti chache, zimepangwa vizuri, kila mtu ameingia kwa wakati wake. Harusini shairi liliimbwa lote, na ubeti uliomchoma mtu uliimbwa tena kwa sababu amesimama na tuzo mkononi. Wakati huo lahani ilikuwa imeshavuka, iko juu kabisa katika kile kipande cha kupanda, na Bhalo ilimpasa aishushe, airudishe mwanzo wa ubeti, bila kukata, bila kumtazama mpiga tabla, na bila kina kuanguka. Vyombo vilimfuata. Katika kanda unasikia kama hakuna kilichotokea, isipokuwa ukihesabu mizani utakuta ubeti ule ule umepita mara mbili na mlango alioingilia mara ya pili sio ule wa kwanza.