Juu ya nini Jambiani ilipewa nyota mbili

Ndugu na dada wa chama, leo muniruhusu niache kidogo maneno ya mbolea na mozaiki ya muhogo. Nataka tusome pamoja karatasi moja, mstari kwa mstari, vile profesa alikuwa anasoma ripoti zetu za staji na kalamu nyekundu mkononi.

Karatasi yenyewe ni ya ofisi moja ya safari kule Kampala. Ilifika kwenye simu zetu mwezi uliopita. Sisi ni watu saba wa promosyo moja, tuko na AVEC hapa Nyakasanza. Kila Siku ya Mungu, nyuma ya misa na ibada, tunakutana, tunahesabu, tunafunga sanduku kwa makufuli matatu. Kwa miaka mitatu tumeweka pembeni feza ya kitu kimoja tu: kwenda kuona bahari. Watano kati yetu hawajaiona hata siku moja. Mwezi wa kumi na mbili tunagawa, kila mtu atakamata kama dola 600, na mbele ya hapo tunapashwa kuchagua kisiwa.

Najua swali lenu. Baba yangu mkubwa aliliuliza wa kwanza: "Mu Ituri hii, na vita hii, munaenda vakanse?" Tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na watu bado wanakimbia vijiji vyao. Sikumjibu vizuri. Nilisema tu kwamba hapa watu wanaoa, wanajenga, wanabatiza watoto, hakuna anayengojea vita iishe kwanza. Alinyamaza, lakini hakukubali. Turudi kwenye karatasi.

Inapanga visiwa kama timu za mpira. Juu kabisa Maldivi, halafu Shelisheli, halafu Morisi. Zanzibar wameikata vipande: Nungwi na Kendwa upande wa kaskazini, Paje na Jambiani upande wa mashariki, Pemba peke yake. Mafia nayo iko. Chini kabisa wameweka Ssese ya Uganda, kama kusema: kama huna feza, basi kamata hii. Kila moja imepewa nyota kwa mchanga, kwa maji, kwa hoteli, kwa utulivu. Maldivi nyota tano. Nungwi nne na nusu. Jambiani mbili.

Juu ya nini mbili? Karatasi inajibu kwa kifupi: bahari inaondoka mara mbili kwa siku, mtalii anabaki anaangalia matope na vijiti.

Vile vijiti nimesimama katikati yake. Mwaka 2023 nilienda Morogoro kwa mafunzo ya udongo ya wiki mbili, na mbele ya kurudi nilipanda boti Dar es Salaam, kama saa mbili hivi, nikafika Unguja. Nililala Jambiani usiku mbili kwa sababu ndiyo chumba mfuko wangu uliweza.

Sisi watu wa ziwa Albert hatujui mambo ya maji kuondoka. Pale Kasenyi maji yanapiga mawimbi lakini yanabaki pale pale. Kule pwani mwezi unayavuta. Wanasema maji yanajaa na maji yanakupwa, na wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti inaweza kufika karibu mita 4. Upande wa mashariki wa Unguja chini ya bahari ni tambarare mpaka kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yakitoka, yanatoka kweli. Unatembea mbali sana na maji bado yako kwenye kifundo cha mguu. Nungwi iko na kina karibu na ufuko, ndiyo maana mtu anaoga saa yoyote. Mpaka hapo karatasi haidanganyi.

Lakini maji yakitoka, wamama wanaingia.

Asubuhi ya kwanza niliwaona wakishuka na magunia na kamba, kanga zimefungwa kiunoni. Nikawafuata. Mama mmoja, umri wa mama yangu, alisimama akaniangalia, akangoja. Sikujua anangoja nini. Mwishowe akasema: "Mwanangu, kwenu hamuamkii wakubwa?" Hapa kwetu unasema jambo mama, unapita. Kule ni shikamoo. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba, akacheka Kiswahili changu, na kuanzia pale akanionyesha shamba lake kama mwalimu.

Ni shamba kweli. Vijiti viwili vimekitwa kwenye mchanga, kamba katikati, na kwenye kamba vipande vidogo vya mwani vimefungwa kimoja kimoja. Baada ya wiki sita hivi kila kipande kimekuwa kichaka. Unavuna, unaacha vipande vya kupanda tena. Hakuna mbegu. Ni kama fito za muhogo: kila shamba ni mtoto wa shamba lingine, na ugonjwa ukijua njia ya kuingia kwa mmoja, umejua njia ya wote. Kilimo hiki cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Kuna aina mbili, kotoni na spinosumu. Kotoni iko na bei nzuri lakini haivumilii joto. Maji ya bahari yamekuwa moto, kotoni inakufa kwenye maji mafupi, wamama wanabaki na spinosumu ambayo ni ngumu lakini bei yake ni ndogo. Unakaushwa, unapelekwa nje, unatolewa kitu cha kugandisha ambacho wanakitia hata kwenye dawa ya meno. Pengine asubuhi hii ulipiga mswaki na kazi ya Jambiani, na hukujua.

Agronome gani ataita kitu hicho matope na vijiti? Ni sawa na mtu aje Djugu, akute shamba la maharagi, akatoe nyota juu udongo ulichafua viatu vyake.

Hapo nilianza kuelewa hesabu ya karatasi. Nyota zinaongezeka kadiri kazi ya wenyeji inavyofichwa. Angalia wa kwanza kwenye orodha. Kule Maldivi, kwa miaka mingi serikali iliweka hoteli kwenye visiwa ambavyo havikaliwi na watu, kisiwa kimoja hoteli moja, na wenyeji wakabaki kwenye visiwa vyao. Ni kuanzia 2009 hivi ndipo nyumba za wageni zilianza kuruhusiwa kwenye visiwa vya wenyeji. Nyota tano ni hizo: kisiwa bila jirani, bila mama wa kuamkia. (Bei yake hata tusiongee. Sanduku letu zima, na makufuli yake yote matatu, lisingemaliza wiki.)

Lakini sitaki mufikiri karatasi peke yake inaficha. Unguja wenyewe wako na mchezo wao. Kitu ambacho karatasi inakisifu sana ni matembezi ya viungo, kwenye mashamba yasiyo mbali na mji. Nililipa, nikaenda. Mti mmoja wa mdalasini, mmoja wa karafuu, hiliki kidogo, pilipili manga inapanda kwenye nguzo, kijana anapanda mnazi akiimba, mwishoni unavishwa taji ya majani. Na halafu, kwa sauti ya siri kubwa: mti wa kakao, na mmea wa vanila! Mimi, mtoto wa Ituri, nimelipa dola nionyeshwe kakao. Mambasa unapita na pikipiki katikati ya kakao mpaka unachoka. Vanila nayo tunaichavusha kwa mkono, ua kwa ua, kwa namna ile iliyobuniwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 kwenye kisiwa cha Réunion. Kisiwa kingine cha vakanse, hicho. Shamba lile la viungo ni kama kabati la maabara: kila kitu kimoja, hakuna kinachouzwa isipokuwa tiketi. Kijana aliyetuongoza alijua mambo mengi kuliko alivyoruhusiwa kusema. Nilipomuuliza wanapima vipi unyevu wa karafuu, alicheka, akasema karafuu ya kweli nenda Pemba.

Pemba karatasi imeiandikia: hakuna cha kufanya. Nyota mbili nayo. Sijafika, kwa hiyo nasema tu yale ninayoyajua kama mtu wa mimea. Karafuu ililetwa Zanzibar mwanzo wa karne ya 19, asili yake ni visiwa vya Maluku. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mashamba ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi ya Zanzibar inatoka Pemba. Wanachuma tumba mbele ya ua kufunguka, wanalianika kwenye majamvi, mpaka pembeni ya barabara. Mnunuzi anayeruhusiwa ni mmoja, shirika la serikali, na kwa hiyo magendo ya kwenda Kenya yamekuwa vita ya miaka. Ukisoma hiyo, na wewe ni wa Beni ao Mambasa, unafikiri nini? Kakao yetu inayovuka usiku kwenda Uganda. Kisiwa chenye hadithi inayofanana hivyo na ya kwetu, mtu anaandika hakuna cha kufanya. Kama si kwamba kutoka Unguja kuna safari nyingine ya boti na feza nyingine, mimi kura yangu ingekuwa Pemba.

Ssese nitapita haraka. Nilikaa Bugala siku tatu. Kutoka Entebbe, kivuko ni saa tatu na nusu hivi, na kwa mtu wa Bunia ndiyo karibu kuliko vyote. Mchanga uko, mawimbi yako, lakini ni ziwa Victoria, na kichocho kiko, uulize mbele ya kuoga. Nusu ya matembezi yangu yalikuwa ndani ya michikichi. Msitu ulikatwa kuanzia miaka ya 2000 kwa mradi mkubwa wa mafuta wa kampuni ya BIDCO na serikali. Wakulima wadogo wengine wamepata bei ya uhakika, wengine walilalamika kwamba wamepoteza ardhi. Ningeweza kuandika makala nzima. Lakini hatukufunga sanduku miaka mitatu kwa kuangalia ziwa lingine.

Na Idjwi? Karatasi haiitaji hata. Kisiwa chetu wenyewe, katikati ya ziwa Kivu, ananasi, kahawa, vilima mpaka ndani ya maji. Wanaume wengi wa kule walikufa ziwani usiku wakivusha kahawa kwenda Rwanda, mpaka wakulima wakaanzisha koperative ili wauze nyumbani. Tangu Goma na Bukavu kuchukuliwa mwanzoni mwa 2025, nani kati yetu atapita wapi? Tuliifuta kwenye orodha bila kupiga kura. Ilikuwa ni dakika moja, na hakuna aliyesema kitu.

Basi, Siku ya Mungu iliyopita nilisoma haya yote mbele ya AVEC. Nilifikiri nitapigiwa makofi. Dada mmoja wa kwetu, tulikuwa naye kwenye promosyo, leo anafanya kazi ya lishe kwenye kambi za waliokimbia vita, anapima mikono ya watoto kutoka asubuhi mpaka jioni. Aliniacha nimalize.

"Yaya," akasema, "weye unapenda kuangalia watu banafanya kazi juu weye uko ku biro. Miye niko nabo kila siku. Nikifika kule, sitaki kuona mama anabeba gunia. Nataka kuangalia maji tu, mpaka usingizi inikamate."

Nikataka kujibu. Akaongeza: "Na ule mama wa mwani, ulimuuliza kama anapenda umuangalie?"

Sikumuuliza. Alinionyesha shamba lake kwa wema, na mimi nilipiga foto, nikaenda kunywa chai. Pengine alichoka, pengine alipoteza nusu saa ya maji kupwa kwa sababu yangu, na maji kupwa hayangoji mtu. Nilikuwa natoa nyota mimi pia, kwa kipimo changu. Bado naamini karatasi inapima vibaya. Lakini mtu anayetaka siku saba bila kuona jasho la mwingine, na ambaye amelipia haki hiyo kwa miaka minne ya kambi, sina kalamu nyekundu ya kumwandikia.

Tukapiga hesabu, maana hesabu haina maneno. Basi kupitia Mahagi mpaka Kampala, basi lingine mpaka Dar es Salaam, boti, na bima ya lazima ambayo Zanzibar iliweka kwa wageni wa nje Oktoba 2024, wakati ule dola 44 kwa mtu. Kilichobaki kinatosha usiku saba kwenye vyumba vya bei ya chini Jambiani, ao usiku tatu Nungwi.

Kura: Jambiani wanne, Nungwi watatu. Yeye alipiga Nungwi. Kisha akachukua ufunguo wake wa kufuli, akaufunga kwenye kitambaa, akasema: "Sawa. Maji ikitoka, muende kwa mwani yenu, miye nitalala. Ikirudi, muniamushe."