Heko, Mpiga Kinanda

Pongezi nyingi huenda kwa waimbaji. Leo nampa zangu yule aliyejibanza pembeni mwa kwaya na kinanda chake cha umeme, pale Muheza, mkoani Tanga, na kote nchini. Mara nyingi hakusomea muziki. Siku za kazi yeye ni mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara wa machungwa. Jioni ni mtunzi.

Nyimbo zake huziandika kwa herufi za noti (d kwa do, r kwa re, m kwa mi, f kwa fa), katika mistari minne ya sauti, soprano juu na besi chini. Mfumo huo aliueneza John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, ukaletwa huku na wamisionari. Magila, jirani na Muheza mjini, ni kituo chao cha karne hiyohiyo. Faida ya mfumo huo ni kwamba karatasi moja na fotokopi zinatosha, na kwaya nzima inasoma wimbo mpya.

Tamasha likifika, ndipo kazi yake inapoonekana. Mkono wa kushoto unashika besi, wa kulia unamkumbusha alto aliyepotea njia, na jicho haliachi kidole cha mwalimu wa kwaya. Umeme ukikatika, anatoa sauti ya kuanzia kwa mdomo na wimbo unaendelea.

Malipo? Mara nyingi nauli na soda. Nawaomba wanakwaya waandike jina lake kwenye nakala za nyimbo alizotunga.