"Kuathiri" na "Usafirishaji": Maneno Mawili Yafichayo Maana

Katika tafsiri za sayansi yako maneno mawili yanayorudiwa mno bila kupimwa: kuathiri na usafirishaji. Tuyapime kwa sentensi moja ya biokemia: "Ioni huathiri usafirishaji wa kalsiamu katika mitokondria za ini." Sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, mwalimu wa Nachingwea au Ruangwa akiisoma darasani, haitamsaidia kumjibu mwanafunzi atakayeuliza: huathiri vipi, na msafirishaji ni nani?

Kwanza, usafirishaji. Neno hili huleta picha ya mzigo na chombo, kama korosho zinavyotolewa ghalani kwa lori. Ndani ya ini mambo sivyo yalivyo. Mitokondria hutumia nishati itokanayo na chakula kusukuma protoni nje, na upande wa ndani hubaki na chaji hasi. Ioni ya kalsiamu, yenye chaji chanya mbili, huvutwa ndani kupitia mlango wa protini ambao jeni yake ilitambuliwa mwaka 2011. Hutoka kwa njia nyingine, yaani kwa kubadilishana na ioni za aina nyingine. Basi yafaa tuseme uingiaji, utokaji na ubadilishanaji. Na pale yanapokusudiwa yote, upitishaji.

Pili, kuathiri. Kwa wasomaji wengi, kilichoathiriwa kimepata madhara. Lakini magnesiamu hupunguza kasi ya uingiaji. Fosfeti huwezesha kalsiamu nyingi zaidi kuhifadhiwa ndani. Sodiamu huchochea utokaji, kwa nguvu katika mitokondria za moyo, na kwa kiasi kidogo tu katika zile za ini. Hizo ni kazi tatu mbalimbali, na kitenzi kimoja kimezifuta zote.

Vitenzi tunavyovihitaji viko shambani. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Ganda changa la karanga hufyonza kalsiamu moja kwa moja kutoka udongoni. Potasiamu ikizidi katika udongo unaolizunguka, hushindana na kalsiamu hiyo, na maganda huweza kuwa matupu. Kufyonza, kushindana, kuzuia: mkulima anayajua haya bila kamusi. Mfasiri aepuke tu kuiita kalsiamu "chokaa", kwani chokaa ni kampaundi yenye kalsiamu ndani yake.

Hatusemi kwamba kila istilahi iwe ya asili. Ruangwa ina madini ya kinywe, na jina hilo limekubalika ofisini na magazetini. Mitokondria na ioni hazina jina la namna hiyo, na hapana ubaya kuzikopa. Jina la kitu laweza kukopwa. Kitenzi kieleze kitu hicho chafanya nini, na vitenzi Kiswahili kinavyo tele.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika kuathiri, mfasiri ajiulize: chaongeza, chapunguza, chazuia au chachochea? Ikiwa matini ya asili yenyewe haikubainisha, aandike "nafasi ya ioni katika upitishaji wa kalsiamu". Hapo atakuwa ameacha wazi kile kilichoachwa wazi, wala hakuongeza madhara yasiyotajwa.