Mbavu za Dakika 20

Nilikuwa sijapita Kibaha kwa karibu miaka 2. Nilishuka Maili Moja nikaenda moja kwa moja kwenye jiko nililolipenda kuliko yote, nikaagiza kama zamani: kilo ya mbavu za mbuzi, ndizi za kuchoma na kachumbari.

“Kaka, nisubiri muda gani?”

“Dakika 20 tu, mzee.”

Roho ikasita. Pale tulikuwa tukisubiri saa nzima na zaidi.

Nyama ilikuja laini, lakini haikuwa na ladha. Mfupa ulichomoka mweupe kama uliooshwa. Ndani nyama ilikuwa ya kijivu, kavu. Nje ilikuwa na rangi ya kahawia pale tu ilipogusa nyaya za wavu. Chumvi ilikuwa juu juu. Dalili zote hizo zinaelekeza mahali pamoja: nyama ilichemshwa kwanza, kisha ikapitishwa motoni.

Sababu ya kuchemsha inaeleweka. Mbavu za mbuzi zina utando mwingi na mafuta kiasi. Kolajeni iliyomo kwenye utando huo hugeuka jelatini polepole, joto la ndani likipita takriban nyuzi 70 na kudumu hapo. Sufuria huifanya kazi hiyo mapema, mteja akifika asisubiri. Lakini mafuta, chumvi na utamu vimeshahamia kwenye supu. Tena nyama hupanda wavuni ikiwa imelowa. Rangi na harufu ya choma hutokana na mmenyuko aliouelezea Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, nao hushika kasi uso wa nyama ukifika kama nyuzi 140. Uso wenye maji hukwama kwenye nyuzi 100 mpaka ukauke. Dakika 20 huishia kwenye kukausha.

Zamani mchomaji wa pale alilaza ubavu mzima upande wenye makaa machache. Mafuta yalidondoka tone kwa tone, moshi ukapanda ukaishika nyama. Mwishoni ndipo aliposogeza ubavu kwenye makaa makali, ukapiga rangi, akaukatakata juu ya gogo. Muda ule wa kusubiri ndio uliokuwa kiungo chake kikuu.

Kuchoma haraka si kosa. Wakorea huchomea mezani, na nyama huiva kwa dakika chache, kwa sababu wameimaliza kazi kwa kisu: bulgogi ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba na kulowekwa kwenye sosi ya soya, mara nyingi pamoja na peari. Mishkaki yetu hufuata kanuni hiyo hiyo, vipande vidogo kwa moto mkali. Jiko linalotaka kasi liuze mishkaki. Mbavu nene zinadai saa yake, na sufuria haiwezi kuilipa.

Wiki iliyofuata nilikuwa Kisarawe, kwenye kibanda cha meza 3. Mchomaji alinionyesha ubavu mbichi, akaupaka chumvi mbele yangu, akaulaza pembeni mwa jiko. “Mzee, kamalize shughuli zako,” akasema, “niachie namba, ukikaribia kuiva nakupigia.” Alipiga baada ya saa moja na robo. Nilipouma, mafuta yalinitiririka mpaka kwenye kiganja, na mfupa ulibaki na nyama ya kung'ang'ania. Jiko langu la Kibaha lingeweza kuokolewa na simu kama ile.