Nyumba ya mawe ya Lamu hutengenezwa kuanzia darini

Zidaka ndizo zinazopigwa picha. Ukuta mzima wa vishubaka vilivyonakshiwa kwa lipu nyeupe, safu juu ya safu, ndio sura ya nyumba ya mawe ya Lamu katika kila kijitabu cha watalii. Fundi aliyepewa kazi ya kuirudisha nyumba kama hiyo katika hali yake haanzi hapo. Kwanza huinua kichwa akatazama boriti.

Boriti ni mti wa mkoko, na mkoko una mipaka yake. Ukiulaza toka ukuta hadi ukuta ukaubebesha mawe na chokaa, hauvuki zaidi ya mita mbili na nusu hivi, ukizidi sana 2.8. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, hata kwa mwenye nyumba aliyekuwa na majahazi yanayokwenda Arabuni na Bara Hindi. Ukitoka kiwandani, yaani uani, unapanda msana wa tini (ukumbi wa chini), kisha msana wa yuu (ukumbi wa juu), kisha chumba kiitwacho ndani, vyote vimelala sambamba, kila kimoja kimeinuliwa kidogo kuliko cha mbele yake. Tajiri hakuweza kununua upana. Alinunua kina, akajaza ukuta wa ndani zidaka na kupanga humo vyombo vya kaure kutoka China, mpaka chumba chembamba kikaonekana kina mwendo. Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyetoa kitabu chake kuhusu mji huu mwaka 1975, aliichambua mipango hii vizuri, na bado ni mwongozo wa kuaminika kwa yeyote anayetaka kugusa nyumba hizi.

Mfano ulio wazi kwa kila mtu ni ile nyumba ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na kugeuzwa makumbusho chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, katikati ya mji mkongwe ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Si kubwa. Ninaipenda kwa sababu imeachiwa mpango wake: daka (baraza la mlangoni), tekani (ukumbi wa kuingilia), kiwanda, misana, ndani, choo chenye birika la maji. (Birika za Lamu zilikuwa na bakuli la kaure sakafuni mwake na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Huo nao ni uhandisi.)

Turudi darini. Juu ya boriti hupangwa vipande bapa vya mawe ya matumbawe, kisha kifusi na chokaa, kisha tabaka la juu linalopondwapondwa kwa vigongo siku baada ya siku hadi likaze na kukataa maji. Dari nzima inaweza kufika karibu nusu mita ya unene. Kila paa lilipovuja, vizazi vilivyofuata viliongeza tabaka jingine juu badala ya kutoa la zamani, na uzito ukazidi. Boriti haivunjiki kwa kishindo. Hupinda taratibu, ncha yake ikaoza ndani ya ukuta mahali ambapo maji yamejikusanya na hakuna anayeona. Basi kazi ya kwanza ni kupunguza mzigo wa juu, kusafisha njia za maji ya mvua, kisha kubadilisha boriti zilizokufa moja moja huku dari ikiwa imeshikiliwa na nguzo za muda. Anayeanza na lipu kabla ya paa anapaka rangi mashua inayovuja.

Ukuta nao una tabia yake. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mnene kiasi cha nusu mita, na chumvi imo ndani yake tangu siku ya kwanza: katika mawe, katika mchanga, katika unyevu unaopanda kutoka ardhini. Ukuta huo huishi kwa kupumua. Maji yanaingia, yanatoka, na lipu ya chokaa inayapitisha. Kisha anakuja mtu na mfuko wa saruji.

Saruji imefanya uharibifu mwingi katika nyumba hizi, na karibu kila mara kwa nia njema. Hukaza upesi, ni ngumu, inaonekana safi. Lakini ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na inaziba. Maji yakikosa njia chini hupanda juu zaidi, au huhamia upande wa ndani, na yanapokauka huacha chumvi inayojenga fuwele nyuma ya lipu na kuisukuma. Ukiona lipu inabanduka kwa magamba mita moja na nusu juu ya sakafu, angalia kama chini yake hakuna ukanda wa saruji. Mara nyingi upo. Zidaka zilizodumu zaidi ya miaka 200 hugeuka unga kwa sababu ya ukarabati uliofanywa upande wa pili wa ukuta.

Chokaa inataka subira ambayo mkataba wa kisasa hauna. Matumbawe huchomwa kwenye tanuu juu ya magogo, yakatoka chokaa kali. Hiyo huzimwa kwa maji na kuachwa shimoni, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kunata. Ukutani haikauki kama saruji. Hukaza kwa kuvuta hewa ukaa kutoka hewani, kwa hiyo tabaka lazima liwe jembamba, lipewe muda, lifuatwe na jingine.

Nakshi hukatwa katika dirisha dogo la wakati: lipu ikifika mahali ambapo kidole hakizami lakini ukucha bado unaacha alama. Fundi huchora duara kwa bikari, huvuta mistari, halafu huondoa kwa kisu na patasi ndogo, akikata kingo kwa mshazari ili kivuli kipate pa kukaa. Akiwahi, kingo zinalala. Akichelewa, zinameguka vipande. Njia ya mkato ni kumimina kwa kalibu, na jicho huitambua mara moja: kila ua ni pacha wa jirani yake. Katika ukuta wa zamani, ukitazama kwa makini, hakuna mawili yaliyolingana.

Kuna jambo jingine ambalo warekebishaji wengi, hasa wanaogeuza nyumba kuwa za wageni, hawalipi uzito: mwanga. Nakshi hizi hazina kina kirefu. Zilikatwa zipokee mwanga wa kiwandani, unaoingia kwa ubavu, ukiwa umeshapoa kwa kupita misana miwili. Taa za darini zinazomulika moja kwa moja huzifanya bapa. Na ukibomoa ukuta wa kati ili kupata sebule pana, kwa chuma na zege, umeharibu mpango mzima uliozizaa zidaka. Zitabaki pambo la ukutani tu.

Tatizo la sasa ni mali ghafi. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lakini marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018 iliwafikia hata wakataji wa mikoko huku, na hata baada ya kulegezwa, boriti nene na iliyonyooka haipatikani kirahisi. Tanuu la chokaa nalo linakula mikoko hiyohiyo. Matumbawe laini ya baharini, yaliyochongwa yakiwa bado mabichi, hayakatwi tena kama zamani, na kung'oa mawe kwenye magofu ni kuharibu urithi mmoja ili kutibu mwingine. Hivyo mafundi wengine hutumia mbao ngumu zilizopasuliwa kutoka bara mahali pa boriti. Zinabeba mzigo vizuri, na zinaweza kuvuka zaidi ya mita tatu. Anayezitumia, kwa maoni yangu, azikate kwa urefu wa mkoko.